Msichana anaingia kwa mlango gani? Kusoma tena hadithi ya mwalimu Tabichi

Hadithi ya mwalimu Peter Tabichi wengi wetu tumeisikia. Kwa yule ambaye haijamfikia, ni hii. Tabichi ni Mkenya, bruda wa Wafransisko, mwalimu wa hisabati na fizikia. Alikuwa akifundisha Keriko, shule ya sekondari ya kutwa ya wavulana na wasichana, katika kijiji kinachoitwa Pwani, upande wa Njoro, kaunti ya Nakuru. Jina ni Pwani lakini bahari haiko karibu. Ni huko Bonde la Ufa, mahali ambapo ukame na njaa si wageni. Tarehe 24 Machi 2019, mjini Dubai, mwigizaji Hugh Jackman alitangaza jina lake mbele ya watu, akapewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia inayotolewa na Wakfu wa Varkey, na dola milioni 1 pamoja nayo. Majina yaliyokuwa yamependekezwa au kuombwa yalikuwa kama 10,000, kutoka nchi 179. Yeye akawa wa kwanza.

Tangu siku ile hadithi hii inatembea. Nimeikuta kwenye semina, nimeisikia ikisimuliwa kwa vijana ili kuwatia moyo, nimeisoma mimi mwenyewe na kikundi chetu hapa Kafutuma. Ninaipenda. Lakini kuna kitu kimoja ninakiona kwetu. Shairi likija katika kijitabu hiki tunaligeuza huku na huku, tunauliza nani anasema, nani amenyamazishwa, kwa nini neno hili na si lile. Hadithi ya mafanikio ikija, tunapiga makofi tu. Hatuisomi. Na kumbe hadithi hizi ndizo zenye nguvu kuliko mashairi yetu yote, kwa sababu wafadhili wanazisoma, wakubwa wa mashirika wanazisoma, na msichana wa miaka 14 anazisoma pia akitafuta mahali pake ndani yake.

Kwa hiyo nataka tuisome hii kama kitu kilichoandikwa. Swali langu ni moja tu: katika hadithi ya mwalimu anayeinua wasichana, msichana mwenyewe anaingia kwa mlango gani? Anaingia kwa mlango wa jeraha lake, ama kwa mlango wa kazi yake?

Tuanze na maelezo yaliyotolewa pamoja na tuzo, maana magazeti mengi yalinakili kutoka pale. Yanaanza na shida. Asilimia 95 ya wanafunzi wa Keriko wanatoka familia maskini. Karibu theluthi moja ni yatima au wana mzazi mmoja. Wengine wanatembea kilomita 7 kwa barabara ambayo mvua ikinyesha haipitiki. Mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Kompyuta moja. Halafu kunakuja orodha: dawa za kulevya, mimba za utotoni, kuacha shule, ndoa za mapema, kujiua. Baada ya hapo ndipo mwalimu anaingia, na mambo yanaanza kubadilika.

Mtakubali kwamba orodha ile tunaijua. Tunaweza kubadilisha jina la kijiji tu, ikawa yetu. Sisi tuliovuka kutoka upande wa Pweto na Moba tangu mwaka 2017 tumesikia maisha yetu yakisomwa hivyo mara ngapi? Sisemi ni uongo, ni kweli. Lakini angalieni msichana yuko wapi mpaka hapo. Yuko katika «mimba» na yuko katika «ndoa». Hajafungua mdomo, hajashika kalamu, na tayari tunajua kitu kimoja juu yake, kitu kilichotendwa kwenye mwili wake.

Mara ya pili anaingia kwenye alama. Maelezo yanasema wasichana walipanda sana, mpaka wakawashinda wavulana katika mitihani yote minne ya mwaka ule. Hii ni habari kubwa! Lakini ni mstari mmoja, halafu tunapita.

Sasa njoo kwenye sehemu tamu. Tabichi alianzisha klabu ya kukuza vipaji na akaipanua klabu ya sayansi. Mwaka 2018, kwenye maonyesho ya sayansi na uhandisi ya Kenya, wanafunzi wake walionyesha kifaa walichokibuni wenyewe, cha kumsaidia mtu asiyeona au asiyesikia kupima vitu. Shule ya kijiji ikawa ya kwanza nchini katika kundi la shule za umma. Timu ya hisabati ikapata nafasi ya kwenda Arizona, Marekani, kwenye maonyesho ya kimataifa ya mwaka 2019. Na wale waliokwenda Arizona walikuwa wasichana wawili.

Rudini sasa kwenye yale maelezo. Neno lililotumiwa pale ni «wanafunzi». Walipokuwa wanabeba mimba walikuwa wasichana. Walipobuni kifaa wakawa wanafunzi tu.

Sisemi mtu alikaa akapanga kuwaficha. Ni mazoea, na mazoea haya hata Kiswahili chetu kinayaonyesha. Neno «mwanafunzi» halina mwanamume wala mwanamke. Ukitaka kusema ni msichana lazima uongeze neno, «wa kike». Je, sisi tunaongeza wakati gani? Chukua taarifa yoyote uliyoandika ama uliyosoma mwaka huu, uangalie. Tunaongeza «wa kike» tukiwa tunasema ameacha shule, ameolewa, amebakwa, anahitaji pedi. Akipata alama ya kwanza katika kemia tunaandika «mwanafunzi mmoja». Neno dogo tu, lakini msichana anayesoma anahesabu. Anajikuta mara kumi kwenye matatizo na hajikuti hata mara moja kwenye maabara.

Majina ya wale wasichana wawili yalitoka katika magazeti ya Kenya. Mimi siyarudii hapa, kwa sababu walikuwa wanafunzi wakati ule na jina la mtoto si kitu cha kutembeza kutoka karatasi moja kwenda nyingine bila kumuuliza. Na hapo kuna jambo ambalo wafanyakazi wa mashirika wanalijua vizuri. Wanatuambia: tunabadilisha jina la msichana, tunaficha uso wake kwenye picha, ni kwa usalama wake. Wana haki. Mtoto aliyepatwa na mabaya hastahili kujulikana kwa mabaya yale kambini nzima. Lakini angalieni kwamba haja ya kumficha inatoka wapi: inatoka kwa sababu tumechagua kusimulia jeraha lake. Tukisimulia kifaa alichobuni, hakuna aibu ya kuficha. Kazi yake inaweza kusimama mbele ya watu, hata kama jina lake halikutajwa.

Hilo ni la kwanza. La pili ni juu ya mwalimu mwenyewe.

Jambo ambalo kila mtu analikumbuka juu ya Tabichi ni hili: alikuwa anatoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia maskini. Magazeti yalilipenda. Lilikuja juu kabisa, kwenye vichwa vya habari, mbele ya klabu, mbele ya kifaa. Ni jambo la kuheshimu. Lakini Tabichi ni bruda. Ameweka nadhiri ya ufukara, hana mke wala watoto, anaishi na ndugu zake wa shirika. Asilimia 20 inayobaki si kitu kilekile kwake na kwa mwalimu mwenye watoto watano wanaongoja bukari jioni.

Hapa kambini tuna walimu wa kujitolea, wakimbizi kama sisi, wanaopewa posho ndogo tu. Ukiwasomea hadithi ambayo sifa kubwa ya mwalimu ni kugawa mshahara, unawaambia nini? Wanasikia kwamba mwalimu mzuri ni yule asiyeuliza pesa. Na wale wenye kupanga bajeti wanasikia vilevile. Sisi Wakongo tumetoka mahali ambapo kwa miaka mingi mzazi ndiye aliyekuwa analipa mwalimu, mpaka mwaka 2019 serikali iliposema msingi ni bure. Tunajua kabisa kinachotokea mwalimu asipolipwa: anayeacha kwanza shule ni msichana, kwa sababu pesa zikipungua nyumbani wanachagua mtoto wa kulipiwa, na hawamchagui yeye. Kwa hiyo mshahara wa mwalimu ni jambo la wasichana. Hadithi inayofanya mshahara kuwa kitu cha kutoa sadaka inafunika jambo hilo.

La tatu. Ndani ya maelezo yaleyale kuna maneno mawili ambayo karibu kila mtu anayapita: «wenzake wanne». Tabichi na walimu wenzake wanne ndio waliokuwa wanawafundisha wanafunzi dhaifu mmoja mmoja, hisabati na sayansi, nje ya saa za darasa na mwisho wa wiki. Wanne! Nani anawakumbuka? Hadithi haikuwahitaji, kwa sababu tuzo ni ya mtu mmoja na shujaa ni mmoja. Lakini ukitaka kufanya kitu kama kile hapa Kafutuma, unachohitaji kujua ni habari za wale wanne. Waligawanaje kazi? Nani alishika Jumamosi? Mmoja akiugua ilikuwaje? Shujaa huwezi kumwomba kwa barua. Walimu watano wanaokubaliana ratiba unaweza kuwapata.

Nisije nikaonekana ninabomoa tu. Tabichi mwenyewe, akipokea tuzo, alisema yuko pale kwa sababu tu ya yale ambayo wanafunzi wake wamefanya. Yeye aliwaweka mbele. Na ndani ya hadithi, chini ya sifa, kuna njia ambayo mimi naiona ni ya thamani kuliko dola milioni 1. Ni namna mwalimu wa sayansi anavyofika kwenye ulezi wa vijana.

Watu wanaisimulia njia ile kama upole wa moyo: alikuwa mwema, akawahurumia. Mimi ninaisoma tofauti. Ninaisoma kama sayansi. Mwalimu wa fizikia akipima kitu na jibu likatoka si lile, hamkasirikii yule mita. Anauliza: nini kimeingia hapa katikati? Sasa dawati tupu ni kipimo pia. Msichana aliyekuwa wa tatu darasani, wiki hii hayupo, wiki ijayo hayupo. Mwalimu wa kawaida anaandika «hayupo» na kuendelea. Yule wa Keriko alikuwa anakwenda nyumbani kukutana na familia, kutafuta shida iko wapi. Njaa? Umbali? Mtu ameleta mahari? Kila jibu linataka dawa yake. Hakuna miujiza hapo, ni kuuliza, kuangalia, kujaribu, kuangalia tena. Kompyuta ni moja na mtandao unakatika: anakwenda kwenye duka la intaneti, anapakua masomo, anarudi nayo darasani. Wanafunzi wanatoka makabila saba, katika eneo lililoona damu baada ya uchaguzi wa 2007: anaanzisha klabu ya amani, wanapanda miti pamoja, wanafanya midahalo pamoja. Matokeo yanapimwa. Kesi za utovu wa nidhamu zilitoka 30 kwa wiki zikafika 3. Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea chuoni. Mwaka 2018 walikuwa 26.

Ukiisoma hivyo, hadithi inakuwa ya kila mtu. Utakatifu hatuwezi kufundishana kwenye semina. Namna ya kuuliza kwa nini dawati liko tupu, hiyo inafundishika.

Lakini hapo kwenye kutembelea nyumbani lazima nisimame kidogo, maana hadithi inapita mbio mahali ambapo sisi hatuwezi kupita mbio. Mwalimu mwanamume anakwenda nyumbani kwa msichana. Katika maelezo, anakutana na familia. Neno hilo «familia» ni zito, tusiliache lidondoke njiani. Kambini, mtu mwenye chaki, mtu mwenye orodha ya majina, mtu mwenye fulana ya shirika, ana nguvu kuliko binti na mara nyingine kuliko wazazi wake. Wengi ni watu wema. Si wote. Hadithi inayotuambia tu kwamba mlezi ni mwema inamfundisha msichana kumwamini kila anayejiita mlezi. Hadithi nzuri ingetueleza utaratibu: wanakwenda wawili, mmoja mwanamke, wanakaa nje mbele ya mlango, mzazi yupo, hakuna ujumbe wa simu usiku, na kuna mtu wa kumlalamikia kama mambo yakiharibika. Haya yote yanaonekana ni habari kavu, hayatoi machozi. Lakini kwa msichana yana maana kuliko moyo mzuri, kwa sababu moyo hauonekani na mlango ulio wazi unaonekana.

Kuna kitu kingine ambacho ninakitafuta katika hadithi na sikipati. Wale wa «mimba za utotoni», wa mwanzo kabisa, walikwenda wapi? Wametajwa kama hatari, halafu wamepotea. Hapa Zambia sera ya kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua iko tangu mwaka 1997. Kenya walikuwa nayo tangu 1994. Tanzania mlango ulifungwa mpaka mwezi wa Novemba 2021 ndipo ukafunguliwa. Basi kwa sheria, msichana aliyezaa ni mwanafunzi bado. Lakini katika hadithi zetu akishazaa anageuka kuwa mfano wa kuwatisha wengine. Katika kikundi chetu tulipoisoma hadithi hii, binti mmoja mwenye mtoto mgongoni aliuliza: «Na mimi niko mu hii hadithi wapi? Niko tu ile kitu balikimbia?» Hakuna aliyemjibu haraka. Ni uhakiki mzuri kuliko wangu wote huu.

Ili kuona kwamba inawezekana kusimulia kwa namna nyingine, tumkumbuke Wangari Maathai. Naye alikuwa mwalimu wa sayansi: alifundisha anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1971 alikuwa amepata udaktari wa falsafa, mwanamke wa kwanza Afrika ya mashariki na kati. Miaka ya sabini alisikiliza wanawake wa vijijini wakisema kuni ziko mbali, maji yamepungua, chakula hakina nguvu. Mwaka 1977 ikaanza kazi ya kupanda miti, ile iliyokuja kuitwa Ukanda wa Kijani, na mwaka 2004 akapata tuzo ya Nobel ya amani. Lakini angalieni wanawake wanavyoingia katika habari ile. Waliingia kwa malalamiko, ndiyo, ila malalamiko yao yalichukuliwa kama maarifa: wao ndio waliojua mto gani umekauka. Halafu wakaingia kwa mikono yao. Walikusanya mbegu, wakaotesha vitalu, wakalipwa pesa kidogo kwa kila mche ulioshika. Mche uliokufa haulipwi. Kwa hiyo walihesabu, wakaangalia, wakajaribu mbegu za kwao. Wataalamu wa misitu walisema kazi ile inataka watu wenye diploma. Wakulima wanawake wakaifanya bila diploma. Maathai ni mkubwa katika hadithi ile, lakini ukimwondoa, miti bado ina waliopanda.

Sasa turudi kwetu, hapa kando ya ziwa Mweru, maana uhakiki usiorudi nyumbani ni maneno tu.

Mara nyingi ninasikia wazazi: «Huyu mutoto mwanamuke, fizika itamusaidia nini?» Na wengine, wenye huruma, wanasema sayansi haiwezekani huku, hatuna maabara. Tena wengi wa mabinti wetu walianza masomo kwa Kifaransa, sasa wanaulizwa kwa Kiingereza, na aliyekuwa anajua jibu ananyamaza kwa sababu hana neno. Yote ni kweli. Lakini wale wa Keriko walitumia mimea ya kwao kuzalisha umeme, na chama cha kemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kikawapa tuzo. Mmea wa kwetu ni upi? Si muhogo?

Muhogo mchungu una sumu, sianidi. Tunaulowesha siku tatu, nne, tunauanika, tunautwanga, ndipo unakuwa unga wa bukari. Anayefanya kazi hiyo ni nani? Ni mama na binti. Ukifupisha siku kwa sababu ya njaa, sumu inabaki. Kongo yetu kuna ugonjwa wa konzo, unapooza miguu kwa ghafla na haurudi nyuma; madaktari waliuandika tangu mwaka 1938, na unawapata zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Basi binti anayejua kwa kidole kwamba muhogo wa ndoo hii haujawa tayari, anashika kemia inayolinda miguu ya nyumba nzima. Hakuna aliyemwambia kwamba ile ni kemia. Kwenye taarifa ameandikwa «mzigo wa kazi za nyumbani».

Mwalimu wa sayansi anayetaka kuwa mlezi anaweza kuanzia pale. Ndoo tatu, muhogo wa shamba moja, maji kipimo kimoja, siku tofauti. Binti anaandika kila asubuhi: joto la maji, harufu, ulaini. Kuonja, hapana. Kuna karatasi ya njano ya kupimia sumu ile, inageuka kahawia ikikutana nayo. Kama shirika linauliza linunue nini, jibu moja ni hilo, na si fulana tena. Daftari la binti huyo likisomwa mbele ya watu, mama yake anaweza kubishana naye juu ya siku ngapi, na mama anaweza kushinda. Huo ni mdahalo wa sayansi. Baba aliyeuliza fizika itasaidia nini atakuwa amekaa pale, anasikiliza, kwa sababu ni chakula chake kinachozungumzwa.

Ninajua wafanyakazi wa mashirika watasema: sisi tunaandika namna wafadhili wanavyotaka, wanataka jeraha, wanataka shujaa. Labda. Lakini mfadhili naye ni msomaji, na msomaji anazoea anachopewa. Hadithi ya shujaa inamfanya atake kutoa tuzo. Hadithi ya walimu watano, ndoo tatu na madaftari ishirini inamfanya aone kwamba kinachotakiwa ni posho isiyochelewa, Kiingereza cha sayansi kwa waliotoka Kifaransa, na mahali pa kulaza mtoto wakati mama yake mwenye miaka 16 anaandika mtihani.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, kwa wakaaji na kwa wafanyakazi sawasawa. Ukiandika habari ya msichana, mstari wa kwanza useme alichofanya, si alichofanyiwa. Ukimsifu mwalimu, taja wenzake na sema analipwaje. Na ukimaliza kuandika, msomee yule msichana kabla ya kumsomea mkubwa wako, uone kama anajitambua.

Yule binti aliyeuliza yuko wapi katika hadithi ameanza kuandika daftari lake la muhogo. Tumeshamuomba, na akikubali, kurasa zake zitoke katika toleo linalokuja, kwa jina atakalochagua mwenyewe.